Fahamu namna vikosi vya timu za taifa za wanawake vinavyoundwa katika mchezo wa bandi

Timu ya taifa inapotangaza kikosi chake, wananchi wengi huisoma orodha ile kwa kutafuta majina wanayoyafahamu: nani ameitwa, nani ameachwa na nani ameitwa kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, orodha ya wachezaji hubeba taarifa nyingine ambazo hazisomwi kwa urahisi. Huonesha nchi ina wachezaji wangapi wa kuchagua, ligi yake ina nguvu kiasi gani, viwanja vyake viko wapi, na wanawake wamepewa nafasi gani katika mchezo husika.

Jambo hilo huonekana bayana katika bandi ya wanawake, mchezo wa majira ya baridi unaochezwa zaidi katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Nchi zinazoweza kuunda kikosi kamili cha wanawake ni chache, na hatima ya mchezo wenyewe katika medani ya kimataifa inategemea kwa kiasi kikubwa iwapo idadi ya vikosi hivyo itaongezeka au itapungua.

Bandi ni mchezo gani?

Bandi huchezwa juu ya barafu, wachezaji wakiwa wamevaa viatu vya kuteleza na kushika magongo yaliyopinda upande wa chini. Msomaji anayefahamu mpira wa miguu na mpira wa magongo ataelewa mchezo huu kwa haraka, kwa kuwa umechukua sura ya michezo hiyo miwili. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, akiwemo mlinda mlango mmoja. Mchezo huwa na vipindi viwili vya dakika 45 kila kimoja, na zipo kanuni za kuotea, kona na penati kama zilivyo katika mpira wa miguu.

Tofauti yake na hoki ya barafu ni kubwa. Katika hoki ya barafu hutumika kisahani kigumu cha mpira na timu huwa na wachezaji sita tu kwa wakati mmoja. Katika bandi hutumika mpira mdogo wa duara wenye rangi inayoonekana vizuri juu ya barafu, na kukumbana kwa nguvu kama kunavyoruhusiwa katika hoki ya wanaume hakuruhusiwi. Mlinda mlango wa bandi hana gongo. Huzuia mipira kwa mikono, miguu na mwili, akilinda lango lenye upana wa meta 3.5 na kimo cha meta 2.1.

Uwanja ndio unaoutofautisha mchezo huu zaidi. Kwa mujibu wa kanuni, uwanja wa bandi huwa na urefu wa kati ya meta 90 na 110, na upana wa kati ya meta 45 na 65. Uwanja wenye vipimo vya juu kabisa huwa na eneo la meta za mraba 7,150. Ukilinganishwa na uwanja wa hoki ya barafu wenye urefu wa meta 60 na upana wa meta 30, uwanja huo ni mkubwa takribani mara nne. Ukubwa huo una athari ya moja kwa moja katika uundaji wa vikosi, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Mchezo huu uliwekewa kanuni za maandishi nchini Uingereza mwaka 1882 na Charles Goodman Tebbutt wa klabu ya Bury Fen, na baadaye ukasambaa hadi nchi za Skandinavia na Urusi, ambako ulipata makao ya kudumu. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliundwa mwaka 1955 na nchi nne, ambazo ni Ufini, Norwei, Uswidi na Umoja wa Kisovyeti wa wakati huo.

Wanawake walichelewa kupewa nafasi

Historia ya vikosi vya wanawake ni fupi kuliko historia ya mchezo wenyewe. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanaume yalifanyika Helsinki mwaka 1957. Wanawake walisubiri hadi mwaka 2004, yaani miaka 47 baadaye, ndipo yakafanyika mashindano yao ya kwanza ya dunia mjini Lappeenranta, Ufini.

Hata ndani ya Uswidi, nchi iliyo mbele katika bandi ya wanawake, pengo hilo lilikuwepo. Ubingwa wa taifa wa wanaume ulianza kushindaniwa mwaka 1907, wakati ubingwa wa taifa wa wanawake ulianza mwaka 1973. Pamoja na kuchelewa huko, Uswidi ilifika katika mashindano ya dunia ya mwaka 2004 ikiwa na takribani miaka 30 ya mashindano ya ndani ya wanawake. Nchi nyingine nyingi zilikuwa ndiyo kwanza zinakusanya wachezaji.

Matokeo ya tofauti hiyo yanaonekana katika kumbukumbu za mashindano. Baada ya Lappeenranta, mashindano yalifanyika Roseville nchini Marekani mwaka 2006, Budapest mwaka 2007, Borlänge nchini Uswidi mwaka 2008, Drammen nchini Norwei mwaka 2010, Irkutsk nchini Urusi mwaka 2012, Lappeenranta kwa mara ya pili mwaka 2014, Roseville tena mwaka 2016, Chengde nchini China mwaka 2018, na Oslo mwaka 2020. Katika mashindano hayo 10, Uswidi ilitwaa ubingwa mara tisa. Mara moja tu, mwaka 2014, kombe lilikwenda Urusi baada ya kuifunga Uswidi katika fainali.

Kikosi hupangwa vipi?

Kocha wa timu ya taifa ya bandi huanza kazi yake kama kocha wa mchezo mwingine wowote. Hufuatilia ligi, huita wachezaji kambini, hupunguza orodha hatua kwa hatua, kisha hutangaza kikosi cha mwisho. Hata hivyo, mahitaji ya bandi humlazimu kuzingatia mambo ambayo kocha wa mpira wa miguu hakabiliani nayo.

Jambo la kwanza ni mabadiliko ya wachezaji. Katika bandi, mchezaji anaweza kutoka na mwingine kuingia wakati wowote bila mchezo kusimamishwa, na aliyetoka anaweza kurejea baadaye. Kwa sababu hiyo, wachezaji wa akiba si watu wa kusubiri ajali au uchovu wa dakika za mwisho. Wao ni sehemu ya mpango wa mchezo tangu dakika ya kwanza. Kuteleza kwa kasi katika uwanja wa zaidi ya meta 100 huchosha haraka, na timu yenye benchi dhaifu huanza kuachia nafasi kadiri muda unavyokwenda.

Jambo la pili ni nafasi za wachezaji. Mbali na mlinda mlango, mabeki, viungo na washambuliaji, bandi ina wachezaji wa pembeni ambao kazi yao ni kupanda na kushuka kando ya uwanja muda wote, wakilinda na kushambulia kwa zamu. Nafasi hiyo huhitaji mtelezaji mwenye kasi na pumzi ya kutosha. Timu ya taifa isiyo na wachezaji wa aina hiyo hulazimika kucheza katikati ya uwanja, na hivyo kurahisisha kazi ya wapinzani.

Jambo la tatu ni kona. Katika bandi kona ni silaha kubwa ya ufungaji. Wachezaji wa timu inayoshambuliwa husimama nyuma ya mstari wa goli lao, na washambuliaji husubiri nje ya eneo la penati, ambalo ni nusu duara yenye nusu kipenyo cha meta 17. Mpira unapochezwa, walinzi hutoka mbio kumzuia mpigaji, naye huwa na muda mfupi mno wa kuutuliza na kupiga. Makocha wa timu za taifa hutafuta mpigaji maalumu wa kona, na pia mlinzi jasiri wa kumkimbilia. Mchezaji anaweza kuitwa kikosini kwa sababu ya ujuzi huo mmoja, ingawa hana sifa kubwa katika maeneo mengine.

Jambo la nne ni nidhamu. Mchezaji anayefanya makosa hutolewa nje kwa dakika tano au kumi kulingana na uzito wa kosa, na kwa muda huo timu yake hubaki na upungufu. Katika uwanja mpana kiasi hicho, upungufu wa mtu mmoja huonekana mara moja. Kocha mwenye wachezaji wachache hawezi kumbeba mchezaji asiyeweza kujizuia.

Ugumu wa kupata wachezaji wa kutosha

Maelezo hayo yanaonesha kuwa timu ya taifa inahitaji zaidi ya wachezaji 11. Inahitaji walinda mlango wawili, akiba ya kutosha katika kila nafasi, na wachezaji wenye ujuzi maalumu. Aidha, ili timu ifanye mazoezi kamili ya timu mbili kupambana, wanahitajika watu 22 kwa wakati mmoja. Nchi yenye wanawake 20 tu wanaocheza bandi inaweza kupeleka timu kwenye mashindano, lakini kocha wake hana cha kuchagua. Kila anayeweza kusafiri ndiye anayekuwa kikosini.

Tofauti hiyo ndiyo inayozitenga nchi katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la nchi zenye ligi za wanawake na klabu zinazolea wasichana tangu utotoni, kama vile Uswidi, Urusi, Ufini na Norwei. Katika nchi hizo, kuitwa kikosini ni matokeo ya ushindani. Nchini Urusi, kwa mfano, klabu ya Rekord ya mjini Irkutsk imekuwa chimbuko muhimu la wachezaji wa timu ya taifa. Uswidi nayo imekuwa shule kwa majirani zake, kwa kuwa baadhi ya wachezaji wa Ufini na Norwei huvuka mpaka kucheza katika klabu za Uswidi, kisha hurejea nyumbani wakiwa wamepata uzoefu wa ligi ngumu zaidi.

Kundi la pili ni la nchi ambazo bandi hutegemea wachezaji waliokulia katika michezo mingine. Nchini Marekani, mchezo huu umejikita katika jimbo la Minnesota, na hasa mjini Roseville, ambako uwanja mkubwa wa barafu uliofunguliwa mwaka 1993 ndio unaotegemewa kwa bandi ya uwanja kamili. Wanawake wengi wanaoingia katika bandi huko ni wale waliozoea hoki ya barafu. Wanakuja na uwezo wa kuteleza na kutumia gongo, lakini hulazimika kujifunza upya namna ya kuutawala mpira wa duara, kutumia nafasi kubwa na kuzingatia kanuni ya kuotea.

Zipo pia nchi zilizoshiriki bila kuwa na uwanja wa vipimo kamili. Nchi hizo hufanya mazoezi katika viwanja vya hoki ya barafu kwa kutumia aina fupi ya bandi yenye wachezaji sita kila upande. Njia hiyo ni nafuu na imesaidia kuueneza mchezo, lakini ina kasoro moja kubwa. Mchezaji aliyezoea uwanja mdogo hufika katika mashindano makubwa akiwa hajawahi kukimbia umbali unaotakiwa wala kupiga pasi ndefu zinazoamua mchezo. Hapo ndipo matokeo ya tofauti kubwa ya mabao hutokea, na matokeo hayo hayamaanishi kuwa wachezaji hao hawana juhudi.

Barafu, gharama na muda

Barafu ya asili haiaminiki kama ilivyokuwa zamani. Majira ya baridi yanapokuwa na joto, viwanja vya wazi huyeyuka na ratiba huvurugika. Nchi zenye uwezo zimejenga kumbi za ndani zenye barafu ya kutengenezwa. Ukumbi wa kwanza wa aina hiyo nchini Uswidi ulifunguliwa katika mji mdogo wa Edsbyn mwaka 2003. Ujenzi na uendeshaji wa ukumbi wenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa miguu ni gharama kubwa, na hivyo kila saa ya kutumia barafu hugawanywa kwa mahesabu. Swali la nani anapewa saa za jioni zinazofaa, na nani anaachiwa saa za usiku, ni swali la usawa linaloathiri timu za wanawake moja kwa moja.

Vilevile, wachezaji wengi wa bandi ya wanawake hawaishi kwa mchezo huo. Ni wanafunzi na wafanyakazi wanaopanga mazoezi baada ya masomo au kazi. Jina la mchezaji hodari linapokosekana katika kikosi, sababu inaweza kuwa jeraha au kushuka kwa kiwango, lakini pia inaweza kuwa mtihani, ruhusa ya kazini au nauli. Msomaji wa orodha ya kikosi anapaswa kulizingatia hilo kabla ya kumlaumu kocha au mchezaji.

Funzo kutoka ukanda wa Afrika Mashariki

Ukanda wa Afrika Mashariki una historia yake ndogo katika mchezo huu kupitia Somalia, ambayo kwa sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013, vijana wa Kisomali wanaoishi katika mji wa Borlänge nchini Uswidi, wengi wao wakiwa wamefika huko kama wakimbizi, waliunda timu ya taifa ya bandi ya wanaume chini ya kocha Per Fosshaug, aliyewahi kuwa mchezaji maarufu wa Uswidi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuvaa viatu vya kutelezea. Mapema mwaka 2014, walishiriki mashindano ya dunia yaliyofanyika Urusi, katika eneo la Irkutsk. Walifungwa mabao mengi, lakini waliiweka bendera ya nchi yao katika mchezo ambao Afrika haikuwa na timu.

Mfano huo ni wa wanaume, na bado una funzo kwa mjadala wa vikosi vya wanawake. Kwanza, unaonesha kuwa raia waishio ughaibuni wanaweza kuwa msingi wa timu ya taifa katika mchezo ambao nyumbani hauna mazingira yake. Pili, unaonesha pengo lililobaki. Borlänge ndio mji ulioandaa mashindano ya dunia ya wanawake mwaka 2008, miaka mitano kabla ya timu ya Somalia kuundwa, na bado timu iliyozaliwa pale ilikuwa ya wanaume. Mlango wa mchezo mpya unapofunguliwa, mara nyingi wanaume hutangulia kuingia, na wanawake hufuata pale tu inapowekwa mipango ya makusudi.

Kwa nini idadi ya vikosi ina uzito

Bandi ilichezwa kama mchezo wa maonesho katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Oslo mwaka 1952, na shirikisho lake la kimataifa linatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Pamoja na hayo, mchezo huo haujawahi kuingizwa katika ratiba rasmi ya Olimpiki. Kwa miaka mingi, Mkataba wa Olimpiki uliweka kigezo kuwa mchezo wa majira ya baridi uwe unachezwa kwa upana katika nchi zisizopungua 25 na katika mabara matatu. Kigezo hicho cha idadi kimeondolewa, lakini suala la kuenea kwa mchezo na usawa wa kijinsia bado lina uzito mkubwa pale michezo mipya inapopimwa.

Hatua ya matumaini ilionekana mwaka 2019, bandi ilipojumuishwa katika michezo ya majira ya baridi ya wanafunzi wa vyuo vikuu duniani iliyofanyika Krasnoyarsk, Urusi, kwa wanaume na kwa wanawake. Mwaka 2022, hata hivyo, shirikisho la kimataifa liliziondoa timu za Urusi katika mashindano yake kufuatia vita nchini Ukraine. Uamuzi huo uliondoa katika mashindano ya wanawake timu pekee iliyowahi kuivua Uswidi ubingwa, na kuzifanya Ufini na Norwei zibebe jukumu la kutoa ushindani.

Kwa hali hiyo, kila nchi mpya inayofanikiwa kuorodhesha wanawake wa kutosha kujaza kikosi huongeza hoja kwamba bandi ni mchezo wa dunia. Kila nchi inayojiondoa kwa kukosa wachezaji au fedha huirudisha hoja hiyo nyuma.

Namna ya kusoma tangazo la kikosi

Mwananchi anayefuatilia matangazo ya vikosi, iwe ni vya bandi au vya mchezo mwingine wa wanawake, anaweza kujiuliza maswali machache. Je, wachezaji wametoka katika klabu ngapi na mikoa mingapi? Kikosi kinachotoka katika klabu moja au mji mmoja hueleza kuwa mchezo haujaenea. Je, umri wa wachezaji umechanganyika? Kikosi chenye wakongwe pekee huashiria kuwa hakuna wasichana wanaoandaliwa. Je, kuna walinda mlango wa akiba na wachezaji zaidi ya mmoja katika kila nafasi? Je, wachezaji wanacheza ligi ya ndani au wote wako nje ya nchi?

Majibu ya maswali hayo yamo katika orodha yenyewe, na hueleza mengi kuliko matokeo ya mechi moja. Ubingwa wa Uswidi katika bandi ya wanawake ulianza kujengwa mwaka 1973, ligi ya ndani ilipopewa hadhi, na matunda yake yakavunwa kimataifa kuanzia mwaka 2004. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nchi inayotaka kikosi imara cha wanawake, katika mchezo wowote, hulazimika kuanza na viwanja, walimu wa michezo, ligi na saa za mazoezi kwa wasichana, miaka mingi kabla ya kocha kusimama mbele ya waandishi wa habari na kusoma majina.